Jumba la Maruhubi na Bustani Yake

Mtoto wa Karatu hana haja ya kutafuta baridi. Baridi yamtafuta yeye. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukayafunika mashamba ya mahindi na ngano, na mchungaji hujitanda shuka yake mpaka masikioni. Sababu ni kimo cha nchi. Karatu iko juu ya bahari kiasi cha meta 1,500, na ukingo wa Ngorongoro wapita meta 2,200. Nao ujoto wa hewa hupungua kiasi cha digrii 6 kwa kila meta 1,000 anazopanda mtu. Kwa hiyo ni vigumu kwa mtu wa huko kufahamu kwa nini mfalme mwenye jumba zuri mjini atumie fedha nyingi kujenga jumba jingine nje ya mji, ili apate upepo tu.

Lakini mtu huyo akishuka kwa njia ya Mto wa Mbu, akafika pwani, akavuka bahari mpaka Unguja katika mwezi wa Februari, atafahamu mara moja. Siku hizo za kaskazi jua la Unguja ni kali, na hata usiku watu hulala wakitoka jasho. Mji wa kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene na njia zake nyembamba, hata watu wawili wakikutana na punda hawana budi kujibanza ukutani. Mchana njia hizo zina kivuli, na hilo ni jema. Lakini kuta zilizokunywa jua mchana kutwa huutoa ujoto wake usiku. Tena zamani taka za mji zilitupwa pwani, maji ya visima hayakuwa safi, na maradhi yalikuwa mengi. Kipindupindu cha mwaka wa 1869 na 1870 kiliua watu maelfu katika kisiwa hicho. Basi kila aliyejiweza alikuwa na shamba nje ya mji, na hata leo Mwunguja akisema "Nakwenda shamba," si lazima awe amechukua jembe.

Wafalme wa Unguja walifanya vivyo hivyo. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao ya enzi yake kutoka Maskati kuja Unguja, alijenga jumba la Mtoni kaskazini ya mji, mahali ambapo kijito cha maji matamu chaingia baharini. Binti yake mmoja ameandika habari za ua wa jumba hilo. Asema walitembea humo tausi, paa, mbuni, bata, na heroe. Mtoto wa Karatu akisoma hayo huenda akacheka, maana mbuni na heroe kwake si ajabu. Huwaona bure ndani ya bonde la Ngorongoro na ziwani Manyara, wala hakuna aliyewanunua. Lakini Unguja hawako, na kitu kisichokuwako ndicho wafalme hupenda kukionyesha.

Katika wana wengi wa Seyyid Said alikuwako mmoja aliyeitwa Barghash. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1856 Seyyid Said alifariki baharini, akirudi kutoka Maskati, na Barghash alikuwa pamoja naye chomboni. Alipofika Unguja alitaka kutwaa enzi, asiweze. Akatawazwa ndugu yake, Majid. Barghash hakuridhika. Alikaa mjini miaka mitatu, akikusanya marafiki kwa siri.

Hata mwaka wa 1859 siri ikajulikana. Majid aliamuru nyumba ya Barghash izungukwe na askari, asitoke mtu wala kisiingie chakula. Ndani alikuwamo yeye, na dada yake Meje, na ndugu yake mdogo Abdulaziz, aliyekuwa mtoto bado. Walioiona haja yake walikuwa dada zake wengine wawili, Khole na Salme. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, lakini alijua jambo ambalo binti wengi wa jumba la mfalme hawakufundishwa, nalo ni kuandika. Alikuwa amejifunza peke yake kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Basi yeye ndiye aliyeandika barua za Barghash. Usiku mmoja dada hao wawili walikwenda na kundi la wanawake, wakawasihi askari wawape ruhusa ya kuwaona ndugu zao waliofungiwa. Walipotoka, Barghash na Abdulaziz walikuwa katikati yao, wamejitanda nguo za wanawake kutoka kichwani hata miguuni. Askari, kwa adabu, hawakuwatazama.

Barghash alikimbilia shamba la jamaa zake lililoitwa Marseille, kwa jina la mji wa Ufaransa. Lilikuwa shamba zuri, lenye jumba lililopambwa vizuri, na sasa likageuzwa ngome. Ngome haikudumu. Askari wa Majid, wakisaidiwa na wanamaji Waingereza, waliipiga kwa mizinga. Jumba likabomoka na miti ya bustani ikaangushwa. Barghash alirudi mjini kwa siri, lakini mwishowe akajitoa mkononi mwa balozi wa Uingereza, akatiwa katika merikebu, akapelekwa Bombay, Bara Hindi. Abdulaziz, ingawa alikuwa mtoto, alikubali kwenda naye ugenini.

Huko alikaa kiasi cha miaka miwili. Adhabu hiyo ilikuwa pia shule, maana Bombay ulikuwa mji mkubwa wa biashara, nao mwaka wa 1860 maji ya ziwa la Vihar yaliyozuiliwa kwa boma yalianza kuletwa mjini kwa mabomba. Mtu aliyetoka mji wa visima vichafu hakosi kuliangalia jambo kama hilo. Barghash alirudi Unguja mwaka wa 1861, akakaa kimya miaka tisa. Majid alipokufa mwezi wa Oktoba mwaka wa 1870, mfungwa wa zamani akakaa katika kiti cha enzi.

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mchungu. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi na kuzivunja merikebu zake bandarini. Mwaka wa pili yake, 1873, Waingereza walimlazimisha atie sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa likafungwa. Lakini mikarafuu ilipandwa tena, fedha zikarudi, na Barghash akaanza kujenga. Kwa mfereji na mabomba alileta mjini maji safi kutoka chemchemi zilizo kaskazini, watu wakateka bure. Katika matendo yake yote hilo lapita mengine, ingawa wageni husifu zaidi Beit al-Ajaib, jumba lake refu la mwaka wa 1883 mbele ya bandari.

Kati ya mwaka wa 1880 na 1882 alijenga Maruhubi. Mahali penyewe ni ufukoni, kiasi cha kilometa 4 kaskazini ya mji, na jina ni la Mwarabu aliyekuwa mwenye shamba hilo zamani. Barghash alizunguka shamba kwa ukuta, na miembe mikubwa ikalitia kivuli. Wako wanaosema kwamba wazo la ukuta na miti alilipata Uingereza, alikokwenda mwaka wa 1875 kuwa mgeni wa serikali, akaonyeshwa mashamba ya wakuu wa huko. Yawezekana, lakini mwembe si mti wa Uingereza, ni mti wa Bara Hindi, na kwa kivuli hakuna mti wa Ulaya unaoushinda.

Jumba lilijengwa kwa namna ya kuupokea upepo. Nyumba za mawe za Unguja zina shida moja: dari zake hushikwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haipiti meta 3 kwa urefu au zaidi kidogo, kwa hiyo vyumba huwa virefu na vyembamba kama ujia. Maruhubi walifanya vingine. Chini walisimamisha nguzo nene za mawe, na juu yake wakajenga roshani pana ya mbao, wazi kwa upepo wa bahari. Mtu aliyekaa huko juu aliona majahazi yakipita, na nyuma yake alisikia majani ya miembe. Waliokaa humo hasa walikuwa wanawake wa nyumba ya mfalme, mke na masuria. Mwenyewe alikuja na kurudi mjini. Watu husema masuria walikuwa 99. Hesabu hiyo ni nzuri mno kuwa kweli, yafaa kuachiwa wasimulizi. Lakini kwamba walikuwa wengi hakuna shaka.

Kando ya jumba palikuwa na hamamu, yaani nyumba ya kuogea, iliyojengwa kwa namna ya Uajemi, yenye vyumba vya mfalme mbali na vya wanawake. Namna hiyo haikuwa ngeni Unguja. Seyyid Said alikuwa amejenga hamamu Kidichi mwaka wa 1850 kwa ajili ya mke wake, aliyekuwa wa ukoo wa wafalme wa Uajemi, na mafundi walipamba kuta zake kwa sura za ndege na maua ya chokaa.

Hamamu na bustani hazifai kitu bila maji. Maji ya Maruhubi yalipita katika mfereji uliojengwa juu ya kuta, yakaingia katika mabirika. Kazi kama hiyo yataka akili kuliko nguvu. Maji hayapandi kilima kwa kuombwa; lazima chanzo kiwe juu kuliko birika, na mfereji uteremke kidogo kidogo, maana ukiteremka mno maji huubomoa, na usipoteremka hujaa matope. Wanafunzi wa Karatu wanao mfano karibu. Chini ya milima ya Ngorongoro, upande wa Bonde la Ufa, pana masalio ya Engaruka, mji wa wakulima walioondoka zamani, katika karne ya kumi na nane. Wakulima wale walivuta maji ya vijito vya mlimani kwa mifereji ya mawe mpaka mashambani kwao, wala hawakuwa na mfalme aliyekwenda Bombay wala Uingereza. Wao walinywesha mtama. Barghash alinywesha maua. Kanuni ya maji ni moja.

Huenda wengine hudhani bustani ya mapambo ni ile ya Kizungu, majani yaliyokatwa sawasawa na maua yaliyopangwa kwa rangi, mtu asimame njiani atazame. Bustani ya Unguja hupandwa zaidi kwa ajili ya pua. Humo mna asmini na waridi, rihani na mkadi, kilua na mlangilangi. Na mengi ya maua hayo kwa mbali hayana sura ya ajabu. Lakini jua likichwa, asmini hufunguka, na upepo wa usiku ukipita juu yake huingia nyumbani na harufu yake. Asmini, mkadi na rihani hufungwa pamoja kuwa kikuba, mwanamke akakitia katika nguo au nywele zake. Hata mtu kipofu aweza kuisifu bustani ya namna hiyo. Birika nazo hukuza mayungiyungi, maua yakaelea juu ya maji. Kwa mtu aliyetoka katika njia nyembamba za mji, zenye joto na uvundo, mchango wa maji, kivuli na harufu ulikuwa kama dawa.

Haifai, hata hivyo, kuuliza habari za kivuli bila kuuliza habari za jua. Fedha za Maruhubi zilitoka hasa katika ushuru na karafuu, na karafuu za Unguja siku hizo zilichumwa na watumwa. Wengi wao walitekwa bara, wakatembezwa kwa minyororo siku nyingi mpaka pwani. Mapatano ya mwaka wa 1873 yalifunga soko, hayakuwafungua waliokwisha kununuliwa. Utumwa wenyewe haukuondolewa Unguja kwa sheria mpaka mwaka wa 1897. Mwenye kupanda ngazi juani kuchuma karafuu, na mwenye kukaa roshanini akinusa asmini, walikaa katika kisiwa kimoja, mwendo wa saa chache tu kati yao.

Yuko na mwingine ambaye hakupata kukaa katika roshani ile. Salme, mwandishi wa barua za Barghash, alipendana na mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akaondoka Unguja mwaka wa 1866, akabatizwa na kuolewa, akaitwa Emily Ruete. Walikaa Hamburg. Mumewe alikufa mwaka wa 1870, mwaka ule ule alipotawazwa Barghash, naye akaachwa na watoto watatu wadogo katika nchi ya theluji. Alipokwenda Barghash Uingereza mwaka wa 1875, Salme alisafiri mpaka London ili amwone ndugu yake. Wakubwa wa huko wakamzuia kwa ahadi, na ahadi hazikutimizwa. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Seyyid, kumlazimisha akubali madai ya Wajerumani juu ya nchi za bara. Salme alikuja katika msafara huo. Aliiona tena Unguja baada ya miaka kumi na tisa. Watu wa mji walimwamkia njiani kwa furaha, lakini Barghash hakumwita, wala hakumjibu.

Ni vigumu kumhukumu. Kwake yeye dada aliyeacha dini ya baba zake na kurudi na manowari za adui si dada tena. Tena siku zile alikuwa akinyang'anywa nchi. Lakini yeye mwenyewe aliwahi kuasi, akahamishwa, kisha akarudishwa kwao akiwa hai, na njia ya kutoka katika nyumba iliyozungukwa alifunguliwa na msichana huyo. Salme alikuja mara nyingine mwaka wa 1888, akaondoka mikono mitupu. Alikufa Jena, Ujerumani, mwaka wa 1924, akazikwa Hamburg. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka Berlin mwaka wa 1886, ndicho kinachotupa habari za heroe wa Mtoni na za usiku ule wa nguo za wanawake.

Barghash alikufa mwezi wa Machi mwaka wa 1888. Hakupata miaka mingi ya kukaa Maruhubi. Mwaka wa 1899 jumba liliungua, na kwa kuwa juu palikuwa pa mbao, moto haukuacha kitu ila mawe. Halikujengwa tena.

Wakati huo mwanawe, Khalid, alikuwa naye amehamishwa. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1896 alitwaa kiti cha enzi bila idhini ya Waingereza. Manowari zao zikalipiga jumba la mjini kwa muda usiotimia saa moja, na watu mamia wakafa. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, wakampeleka Dar es Salaam. Bendera iliyompa kimbilio ndiyo iliyotawala Karatu pia. Na katika miaka hiyo hiyo ndugu wawili Wajerumani, akina Siedentopf, walikuwa wakifuga ng'ombe ndani ya bonde la Ngorongoro, na nyumba zao nazo zimekuwa masalio. Mwishowe Waingereza walimkamata Khalid, wakampeleka visiwa vya mbali. Baadaye wakamruhusu kukaa Mombasa, akafa huko mwaka wa 1927.

Mgeni aendaye Maruhubi leo huona nguzo zimesimama safu kwa safu, hazikuchukua kitu juu yake ila mbingu. Hamamu imebaki, vyumba vyake vyenye giza na ubaridi, na vipande vya mfereji vyaonekana kati ya miti. Marmari imekwisha ondolewa. Miembe ya zamani imeanguka mingine, mingine yazaa bado. Katika mabirika mayungiyungi yameendelea kuota yenyewe, bila mtunza bustani, na vyura hukaa chini ya majani yake.

MASWALI

Kwa nini nyumba za mawe za Unguja zina vyumba vyembamba, na mafundi wa Maruhubi walifanya nini ili kuishinda shida hiyo?

Ikiwa pwani ujoto ni digrii 32, utakuwa digrii ngapi Karatu, saa ile ile? Fanya hesabu kwa kanuni iliyotajwa.

Chora mfereji kutoka chemchemi mpaka birika. Onyesha upande ulio juu.

Kama ungalikuwa Barghash mwaka wa 1885, ungalimjibu dada yako? Andika barua yake, kisha andika jibu lako.